Maji ya Kutosha

Katika maelezo ya mapishi yaliyoandikwa kwa Kiswahili kuna maneno matatu ambayo mwandishi huyapita haraka na msomaji huyapita haraka zaidi: maji ya kutosha. Unga umepimwa kwa vikombe, chumvi kwa kijiko cha chai, vitunguu vimehesabiwa kimoja kimoja; ikifika zamu ya maji, kipimo hukoma. Anayeandika hudhani kwamba maji yapo tu kama hewa ilivyopo, na kwamba mpishi atajua mwenyewe pa kuishia. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Shinyanga na Geita kwa miaka 35, nikasahihisha maelezo ya namna hiyo mengi yasiyo idadi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuona kwamba maneno hayo matatu yana historia. Aliyenionesha ni mwanafunzi niliyemnyima alama.

Ilikuwa mwaka 1986, nami nikiwa sina hata miaka miwili tangu nitoke chuo cha ualimu. Niliwapa Kidato cha Pili insha ya maelezo: eleza namna ya kupika chakula ukipendacho. Binti mmoja kutoka kijiji cha upande wa Kishapu aliandika juu ya michembe. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba unaamka saa kumi alfajiri. Ukurasa mzima uliofuata haukuwa na chakula. Ulikuwa na njia ya kwenda mtoni, mto wenyewe ukiwa mchanga mtupu, shimo lililochimbwa mchangani hadi kufika kiunoni, foleni ya ndoo, maji yanayochuruzika polepole kutoka pembeni mwa shimo, kata ya kibuyu inayoyateka kidogo kidogo ili yasitibuke, kisha safari ya kurudi, kisha saa nzima ya kuyaacha yatuame. Michembe yenyewe iliingia chunguni mistari mitano kabla ya karatasi kwisha.

Nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari juu ya ukurasa wote ule. Pembeni niliandika: "Umetoka nje ya mada. Mahitaji yako wapi?" Nikampa 8 kati ya 20. Alilipokea daftari lake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi ya mabinti wa kwetu, akarudi kuketi.

Jioni nilimsimulia mke wangu kama kichekesho. Yeye ni mzaliwa wa Shinyanga, alikwisha kubeba ndoo kabla hajajua kusoma. Hakucheka. Alisema, "Huyo mtoto ameandika mapishi. Wewe ulitaka orodha ya dukani."

Sikumwelewa upesi. Nilikuwa nimefunzwa kuwa maelezo ya mapishi yana sehemu zake, mahitaji kwanza na njia baadaye, na kwamba maji si hitaji la kuorodheshwa. Kanuni hiyo ilitungwa na mtu mwenye bomba jikoni.

Tuanze basi na nchi yenyewe. Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Mei. Baada ya hapo mbingu hufunga. Nchi ni tambarare, mito yake mingi ni ya msimu, na udongo mweusi wa mbuga ambao masika hunasa mguu wa ng'ombe, kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Zamani kulikuwa na miti mingi zaidi. Wakati wa utawala wa Mwingereza, idara ya utafiti wa mbung'o iliyoongozwa na Swynnerton iliweka makao yake Shinyanga, na katika kupigana na mdudu yule vichaka vilifyekwa sehemu kubwa sana. Mbung'o walipungua, mifugo ikaongezeka, pamba ikalimwa, na kuni zikaadimika hadi watu wakapikia samadi kavu ya ng'ombe. Mwaka uleule wa insha yangu, 1986, ndipo Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sisi sote tulizoea kuuita HASHI, ukawarudisha watu kwenye ngitili, yaani sehemu za malisho zinazofungwa ili majani na miti vipate kupona. Kuhusu maji, mradi wa maendeleo ya Usukuma wa baada ya Vita vya Pili ulikuwa umeacha malambo mengi. Lambo ni lile bwawa la kuchimba la kukinga mvua. Kwa Kisukuma twaliita ilambo. Ng'ombe na binadamu walinywa mahali pamoja, na kufikia Septemba wote wawili walikuwa wakinywa tope.

Katika nchi kama hiyo, jiko hujipanga kwa namna yake. Tazama vyakula vya akiba vya Usukuma. Michembe ni viazi vitamu vilivyoachwa vinyauke kidogo, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa ni viazi hivyohivyo, lakini hivi huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Dagaa wa ziwani huja wakiwa wakavu. Kila kimoja kati ya hivyo ni chakula kilichonyang'anywa maji yake wakati wa neema, mwezi wa sita au wa saba, jua likiwa kali na mvuno ukiwa uani. Kazi ya mpishi wa kiangazi ni kukirudishia. Kwa hiyo anayepika michembe mwezi wa kumi haongezi maji kama kiungo kimojawapo. Analipa deni la maji lililokopwa Juni. Yule binti alianza maelezo yake kwenye shimo la mchangani kwa sababu hapo ndipo mapishi yanapoanzia.

Sitaki kuacha michembe bila kueleza inavyopikwa, maana wapo watakaonilaumu. Osha vipande kwa maji machache kuondoa vumbi, na maji hayo usiyamwage, ndama watayanywa. Viloweke katika maji mengine hadi vianze kulegea. Teleka na maji hayohayo ya kulowekea, yafunike vipande kwa kimo cha vidole viwili. Funika chungu kwa sufuria au ungo, moto uwe wa wastani. Maji yakikaribia kukauka na vipande vikiwa vimelainika, tia karanga zilizotwangwa hadi zikatoa mafuta, chumvi kidogo, ukoroge taratibu usivivunjevunje. Wengine hawatii karanga, hula na maziwa ya mgando. Utamu wake hauhitaji sukari, kwa kuwa viazi vikikauka utamu hujikusanya.

Kitenzi chake ni kipi? Hapa wapenzi wa lugha waniazime sikio. Tuna kuchemsha, ambako ni kwa kila kitu, hata maji matupu. Tuna kutokosa, ambako ni kuchemsha hadi chakula kiive na kulainika. Na tuna kupwaza, kwa vitu kama viazi, ndizi au muhogo vinavyopikwa kwa maji bila viungo. Neno hili la mwisho, sikioni mwangu, haliachani na kupwa, yaani maji kuondoka ufukoni na kuacha mchanga mkavu, ambamo ndimo pia limo neno pwani. Kupwaza ni kuyafanya maji ya chungu yapwe. Shinyanga iko karibu kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na wengi wa wanafunzi wangu hawakuwahi kuiona bahari. Lakini mama zao walikuwa na maji kupwa chunguni kila jioni ya kiangazi. Nilipowaeleza hivyo darasani, kijana mmoja aliuliza, "Na kujaa je, Mwalimu?" Sikuwa na jibu.

Si kila neno la maji lilisafiri salama kutoka Pwani hadi kwetu. Nilifundisha methali ya maji ya kifuu kuwa bahari ya chungu kwa miaka mingi. Kwanza ilinibidi nieleze kifuu ni nini mahali ambapo mnazi hauoti. Baada ya hapo nilidhani kazi imekwisha. Kumbe darasa zima lilielewa kwamba chungu ni kile cha kupikia. Walifafanua vizuri kabisa: maji machache, yanayoenea katika kifuu, kwa chungu cha nyumbani ni kama bahari, kwa hiyo tusiyadharau. Niliwasahihisha kwamba chungu ni mdudu, sisimizi. Methali ilirudi kwenye maana yake, nao wakaiandika katika madaftari, lakini nilihisi nimewapa kitu kidogo kuliko kile nilichowapokonya.

Yapo maneno mengine yaliyokubaliana nasi bila ugomvi. Kitunguu maji, kwa mfano, kinachoitwa hivyo ili kisichanganywe na kitunguu saumu. Mama mkwe wangu alitumia maji yake kweli: alikikatakata chembamba, akakinyunyizia chumvi, akakiacha kitoe maji yake, na nyanya ikafuata nayo ikatoa yake, mboga ikaiva bila tone la mtungini. Tikiti maji lilikuwa chakula cha wachungaji, lilipandwa katikati ya mtama na uwele, mtoto akalipasua kwa ngumi akiwa na kiu. Chapati za maji zilichelewa kufika, maana zinataka unga wa ngano. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilipita Shinyanga na kukamilika mwaka 1928, na maduka ya mjini yakafuata reli, yakiwa na unga, sukari na majani ya chai. Chapati hizi hazikandwi wala hazisukumwi. Unga hukorogwa na maji hadi uwe mwepesi wa kumiminika, unamwagwa juu ya kikaango chenye mafuta kidogo, unatandazwa, unageuzwa. Ni chapati ya mtu asiye na meza, na nitairudia nikifika Geita.

Halafu kuna maji ya kunde. Sote twajua rangi ya maji ya kunde: si mweusi, si mweupe, na katika nyimbo za mapenzi sifa hiyo haikosekani. Wangapi wetu wameyaona? Chemsha kunde kavu, subiri nusu saa, funua. Ni hudhurungi yenye wekundu kwa mbali, iliyotulia, yenye mng'ao kidogo juu. Katika vitabu vya mapishi nilivyosoma, hatua inayofuata ni kuyamwaga maji hayo. Kwetu kuyamwaga kulikuwa ni jambo la kushuhudiwa na majirani na kusimuliwa. Maji ya kunde yalikuwa mchuzi wa ugali kwa watoto, yakitiwa chumvi. Kadhalika maji ya kuoshea mchele: nchi yetu hulima mpunga katika majaluba, yale matuta yanayozuia maji ya mvua mbugani, na wali ulipopikwa maji ya kuoshea yalikwenda kwa ndama au kwa kuku pamoja na pumba. Wapishi wanaofundisha kuchemsha wali kwa maji mengi na kumwaga yaliyozidi, nadhani waliota jikoni kwa watu wengine.

Magadi yanataka aya yao. Yapo magadi ya mawe, yanayokuja kutoka maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa. Na yapo maji ya magadi ya nyumbani, yanayotokana na majivu. Unachoma mabua makavu au maganda ya maharage, unayajaza majivu katika kopo au kibuyu kilichotobolewa chini, unamimina maji juu, na chini yanadondoka matone ya rangi ya chai nyepesi. Hayo yakiingia katika mlenda, mlenda huteleza zaidi na kubaki kijani. Yakiingia katika maharage magumu, ganda hulainika upesi. Sababu yake wakemia wanaijua: maji haya ni kinyume cha tindikali, nayo huvunja kile kinachoshikamanisha ganda la punje. Visima vyetu vingi vina maji mazito yenye chokaa, na chokaa huyafanya maharage yakatae kuiva. Kwa hiyo magadi hayakuwa mapambo ya ladha. Yalikuwa njia ya kuokoa kuni, maana chungu kinachochemka saa nne hula miti, na pia kuokoa maji, kwa kuwa chungu hicho hunyanyua mvuke saa nne. Yakizidi huharibu ladha na baadhi ya vitamini. Mama mkwe alipima kwa kuonja tone moja kwenye ncha ya ulimi, akakunja uso, akaamua.

Kuna ujanja mwingine wa maji uliostaajabisha hata wataalamu. Uji wa mtoto ukiwa mzito, mtoto hawezi kuumeza. Ukiongezewa maji unamezeka, lakini tumbo linajaa maji na chakula ni kidogo. Wapishi wa togwa walikuwa na jibu tangu zamani: kimea. Mtama au ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulegea mbele ya macho yako bila tone la maji kuongezwa. Punje inayochipua hutengeneza kimeng'enyo cha kukata wanga. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini walianza kuwahimiza kina mama kutumia kimea katika uji wa watoto. Mke wangu alipohudhuria somo hilo kliniki alirudi akasema wamemfundisha togwa.

Kliniki hiyohiyo ilikuwa na bango la mapishi mengine, ambayo ndiyo peke yake, katika yote niliyowahi kuyasoma kwa Kiswahili, yaliyokataa maneno "maji ya kutosha". Kipindupindu na kuharisha vilikuwa vikichukua watoto kila mwaka maji yalipopungua au mvua za kwanza zilipofagia uchafu kuupeleka malamboni. Bango lilisema: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, umnyweshe mtoto kidogo kidogo. Hapa maji yakipungua, chumvi humzidi mtoto na kumdhuru. Yakizidi, dawa haina nguvu. Siku hizi vipo vipakti vilivyokwisha kupimwa, na ni bora zaidi, lakini navyo vinataka lita kamili. Lita ni nini kwa mtu asiye na kipimo? Tuliwafundisha kina mama kwamba chupa mbili za bia za nusu lita ni lita moja. Mlokole mmoja jirani yetu alikwenda kilabuni kuomba chupa tupu mbili, mchana kweupe, watu wakimtazama, na mtoto wake akapona. Nimesoma mashairi mengi ya ushujaa, sijaona aliyelitunga hilo.

Mwaka 1995 nilihamishiwa Geita. Nilifurahi, kwa kuwa Geita iko karibu na Ziwa Victoria na mvua zake ni za kuridhisha kuliko za Shinyanga. Nilidhani nimeyaacha mambo ya ndoo. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi ya Mjerumani. Mgodi wa zamani ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Katikati ya hapo nchi ilikuwa ya wachimbaji wadogo. Nyarugusu, Rwamagasa na vijiji vingine viliota mahema na vibanda. Mwamba ulisagwa, unga wake ukapelekwa kwenye mwalo, ambako maji humwagwa juu ya ubao ulioinama na kutandikwa kitambaa, mchanga ukienda na maji na dhahabu ikibaki kwa uzito wake. Maji yaliyotoka kwenye mwalo yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Mama lishe mmoja aliyewapikia wachimbaji aliniuzia chapati za maji asubuhi moja nikiwa njiani kumtafuta mwanafunzi mtoro. Nilimwambia, kwa mzaha wa mwalimu wa lugha, kwamba angalau hapa chapati zake haziwezi kukosa lile neno la mwisho. Alinitazama. "Mwalimu, hapa maji kwanza yanaosha dhahabu. Yakibaki ndiyo yanapika." Alinunua maji kwa dumu la lita 20 kutoka chemchemi iliyo mbali, na bei ya dumu ilipanda na kushuka kama bei ya gramu. Palikuwa na maji ya bure karibu yake, yaliyovutwa kutoka maduarani. Hakuyapikia. Nilipomuuliza sababu alinionesha kwa kidevu kikundi cha vijana waliochuchumaa pembeni ya karai.

Walikuwa wakichanganya kwa mikono mitupu mchanga mzito wa mwaloni, maji na zebaki. Zebaki huishika dhahabu, hukamuliwa katika kitambaa, kikabaki kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge huchomwa, zebaki ikaruka kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Neno zebaki limetujia kupitia Kiarabu. Wanakemia huiandika Hg, kifupi cha hydrargyrum, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni fedha ya maji. Nilipolijua hilo nililifurahia kama mtu wa maneno anavyofurahi. Kisha jioni moja nilialikwa kula kwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Nilipofika, kaka mtu alikuwa ukumbini akichoma kidonge chake katika kikaango kidogo juu ya jiko la mkaa, mtoto mchanga akiwa amebebwa mgongoni mwa mama hatua tatu kutoka hapo. Alipomaliza, kikaango kilisuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji, kwa kuwa maji yalikuwa ya kununua, na samaki wakawekwa.

Nilikula. Ningesema nini? Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, huingia ubongoni, na mtoto mchanga ndiye unayemdhuru kuliko wote. Sikuwa na hakika ya hayo siku ile. Nilikuwa na wasiwasi tu, na adabu ya mgeni ilinishinda. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, mwaka niliostaafu. Ninapokisikia kitendo cha kusuuza nakiona kile kikombe kimoja.

Tuliporudi Shinyanga mwaka 2008 mabomba yalikuwa yakichimbiwa. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yakiletwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, na Rais Kikwete alizindua mradi huo mwaka uliofuata. Msomaji kijana hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipeana barua za makubaliano kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza pasijengwe chochote cha umwagiliaji au umeme kwenye Nile au maziwa yake, kitakachopunguza maji ya Misri, bila Misri kuridhia. Tanganyika huru ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Hata hivyo hofu ya makubaliano hayo ilidumu katika mazungumzo ya nchi za Nile kwa miongo, na hatimaye bomba la Ihelele lilijengwa kwa fedha za Serikali yenyewe. Yule binti wa Kishapu alikuwa akichota kwa kata mchangani, kilomita zisizofika mia mbili kutoka ziwa lile, wakati mabwana walioandikiana barua Kairo walikwisha kufa zamani. Baadaye bomba lilisogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Maji mapya yalibadili chungu. Mke wangu aligundua katika mwezi wa kwanza kwamba maharage yanaiva mapema kuliko kwa maji ya kisima, akapunguza magadi, mlenda ukawa hauna ule ukali, nasi wazee tukalalamika. Michembe sasa inauzwa katika vifuko sokoni Shinyanga mjini, imekuwa kitafunwa cha chai. Nsansa bado ipo. Vibuyu vya kata vinauzwa kwa watalii.

Mwaka jana mjukuu wangu wa Darasa la Sita huko Kahama alipewa kazi ya nyumbani: eleza namna ya kupika chakula cha asili ya kwenu. Alinipigia simu nimsaidie, akachagua michembe. Alinisomea alichoandika. Mahitaji yalikuja kwanza, yamepangwa kwa namba. Njia ikaanza: "Fungua bomba. Ikiwa maji hayatoki, subiri hadi usiku, au nenda kwa jirani mwenye tangi ukiwa na dumu." Nikamwambia aendelee. Alipomaliza nilimuuliza michembe aliiloweka kwa muda gani. Akasema, "Babu, mama hailoweki." Tukabishana juu ya hilo hadi salio likaisha.